Sauti ya Ramona

Jumapili, 5 Oktoba
Wiki ya kazi imeanza, asubuhi nzima ofisini na hadithi ya kobe. Dakika tatu tu za rekodi nimeandika, na shingo inauma. Bi Eusebia ndiye wa mwisho anayeisema lugha hii ninayoitafiti, huko kwao Bolivia. Dada yake Ramona alifariki mwaka jana. Katika rekodi wapo wote wawili: Eusebia anahadithia, na kila akikata sentensi Ramona anamwitikia. Kwao hadithi haisemwi bila ya mwitikiaji.

Mchana mkurugenzi akaichukua diski yenye rekodi, nakala pekee tuliyonayo. Anataka ikasafishwe sauti kwa ajili ya maonyesho bandarini, watalii wa meli wasikie. Nikamwambia kwanza tupeleke rekodi kwenye hifadhi ya kumbukumbu kama zilivyo. Ati aibu kupeleka makelele. Nakala ya nyumbani nilinyimwa tangu mwanzo, mali ya ofisi. Nikamwachia. Mjinga mimi.

Jumatano, 8 Oktoba
Diski imerudi. Ramona hayumo.

Nimesikiliza mara nne. Eusebia anasema, kimya, anasema, kimya. Nikachukua teksi mpaka mtaa wa Wadi Kabir, kwa hao waliosafisha. Studio iko juu ya gereji, kazi yao video za harusi. Kijana wa watu ana adabu, kanikaribisha chai. Kaondoa sauti ya kuku, mvua na "yule mama anayeingilia". Rekodi ya asili kaifuta apate nafasi ya harusi nyingine. Hakuna aliyemwambia wapo wawili. Hata mimi sikuandika kikaratasi nikakibandika juu ya diski. Kikaratasi!

Sikuinywa chai.

Alhamisi, 9 Oktoba
Mkurugenzi kasikiliza, kafurahi. "Mashallah, daktari, sasa anasikika vizuri." Nikampigia kelele mbele ya watu wote. Nilimwambia ana masikio ya mapambo. Sijuti hata kidogo.

Saa kumi ilikuwa miadi yangu ya kuzungumza kwa simu na Bi Eusebia. Nikamwandikia mjukuu wake Lidia kuwa nina homa. Uongo mtupu. Namchukia mkurugenzi, na leo najichukia zaidi.

Ijumaa, 10 Oktoba
Mama kanikuta sebuleni na simu, nasikiliza kipande nilichokinasa kutoka diski iliyorudi. Hajui neno hata moja la lugha ile. Nusu dakika haikufika, akauliza:

"Huyu bibi mbona anasema peke yake? Wa kumwitikia yuko wapi? Mie nna hofu naye, mwanangu."

Nikalia pale pale. Halafu nikakasirika tena. Mama yangu, aliyekulia Unguja kwenye paukwa na pakawa, kaliona lile ambalo ofisi nzima yenye shahada haikuliona.

Jumamosi, 11 Oktoba
Nimemwambia Bi Eusebia. Lidia kamshikia bibi yake simu. Nimesema yote, hata la homa. Bi Eusebia akasema, polepole, ili nimwelewe:

"Kama mmemtoa yeye, nitoeni na mimi."

Akamrudishia Lidia simu.

Jumapili, 12 Oktoba
Nimeitoa. Nimeingia ofisini kabla ya watu, nikaifuta sauti yake kwenye mashine ya maonyesho, na diski nimeiweka mkobani. Mkurugenzi kapandwa na mori. Barua ya onyo ninayo hapa mezani, ina mhuri na kila kitu. Kaniuliza kwa nini naharibu kazi ya miaka miwili. Mimi! Nikamjibu mwenye sauti kakataa. Kasema bibi mmoja wa msituni hawezi kuzuia maonyesho. Kahawa yangu ikamwagika juu ya barua yake. Vizuri.

Alhamisi, 16 Oktoba
Saa kumi Lidia kapiga mwenyewe. Bibi yake yuko tayari.

Nilitarajia hasira. Akasema yeye hahadithii tena, maana hana wa kumwitikia. Nihadithie mimi, yeye ataitikia.

Sijawahi. Miaka yote hii naiandika lugha ile, naipangua neno kwa neno, na hadithi nzima sijaisema hata siku moja. Nikaanza na kobe. Sentensi ya kwanza nilikosea. Akaitikia, kwa sauti ya chini, kama alivyokuwa akifanya Ramona. Ya pili nayo akaiitikia. Kobe alipofika mtoni nikakwama. Hakunisaidia. Alisubiri tu, namsikia anavyopumua, mpaka neno likaja.

Makosa mengi. Aliitikia mpaka mwisho.