Tembo wa Masikio Madogo

Mabanga, Goma

Kasereka mutoto wangu,

Picha za ile hifadhi ya wanyama, kusini ya India, zimefika. Jirani aliuliza kama tembo wa huko walikatwa masikio! Nikamuambia wanazaliwa hivyo. Papa yako alinifundisha, miaka ile yote ya kulinda pori letu.

Uliandika, “Mama, muonyeshe papa.” Nikaweka simu kwenye kiti chake, karibu na kofia yake ya kazi.

Mutoto wangu, kwa sauti nashindwa kusema. Papa aliingia porini mwezi wa tatu, wenzake wakamurudisha maiti. Tulishamuzika. Niliogopa utaacha masomo, na zile salamu zake zote ni mimi niliziandika.

Nitumie picha ingine. Kwa hizi zote, wewe haumo.

Mama yako,
Kavira