Mama Mkwe Ndani ya Gari la Mbio

Mama,

Sijui mkwe humwandikia mama mkwe wake akianza na nini. Kwetu Umaasaini na kwenu Maragoli ni mamoja: mimi na wewe hatukufaa hata kukaa chumba kimoja. Basi wacha nianze na habari mbaya, ili iishe. Nimebingirisha gari. Mimi niko mzima. Mbavu zinaniuma nikicheka, na kwa vile siku hizi sicheki sana, haziniumi sana.

Nakuandikia nikiwa nimesimama hapa dukani Kitengela, katikati ya chumvi ya ng'ombe na dawa za kupe. Kukaa kumenishinda tangu ulipotuacha. Kanisani nasimama nje na wale wanaojifanya wanapokea simu. Nikifunga duka, naendesha mpaka Isinya bila shughuli yoyote, nageuza, narudi. Binti yako Minayo anasema nyumba imekuwa ndogo kwa sababu mimi niko kila mahali ndani yake.

Unakumbuka tulivyokuwa tukiishi? Nikija kumchukua Minayo kwako, wewe unatokea mlango wa nyuma. Mimi nasema "Mirembe, Mama" nikiuangalia ukuta, na wewe unaitikia kutoka kwa kamba ya nguo. Nilipokuletea kondoo wako wa mahari, mjomba wangu alikueleza kwamba sasa utaniita Paker, yaani aliyenipa kondoo. Ulilipenda hilo neno kuliko hata nilivyolipenda mimi. Ulikuwa umefundisha hesabu maisha yako yote, na uliliita kama unayeita jina kwenye rejista: "Paker!" Nami nyuma ya ukuta nikawa nasimama wima.

Halafu ikaja ile siku. Minayo alikuwa kazini Kajiado mjini, uchungu ukamshika kabla ya wakati, mwenzake akakupigia simu. Shemeji alikuwa ameenda na gari la nyumbani kwako. Nje kwangu kulikuwa na gari moja tu, lile dogo la milango miwili nililokuwa nikilitengeneza kwa ajili ya mbio, limeng'olewa viti vya nyuma, limejaa vyuma ndani kama kizimba cha kuku. Ulikuja mbio ukiwa na mfuko wa nguo za mtoto. Ukaliangalia gari. Ukaniangalia mimi, na nadhani hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza uniangalie usoni.

Ukasema, "Mungu anaona hakuna lingine."

Mikanda ya gari lile inapita mabegani na kiunoni, na mgeni hawezi kujifunga mwenyewe. Mimi ningekufungaje? Nilimwita jirani muuza mboga akufunge, nami nikageuka nikatazama ukuta mpaka akamaliza. Ulijifunika leso uso mzima. Nikaondoka polepole. Kwa heshima, Mama. Niliendesha kama nimebeba mayai. Malori ya kokoto yakawa yanatupita. Na kabla hata hatujaumaliza mji wa Kitengela, nikasikia sauti kutoka ndani ya leso:

"Paker, hili gari ni la mbio ama ni la matanga?"

Basi nikakanyaga. Pale Isinya ulikuwa umetoa jicho moja nje. Tulipofika Kajiado, leso ilikuwa magotini na mkono wako umeshika kile chuma cha juu, na ulikuwa unacheka, Mama, unacheka kama msichana aliyetoroka shule. Naserian akazaliwa jioni ile ile. Wazee wa kwenu walisema kosa letu la kukaa pamoja litakaswe kwa kuku. Wa kwetu wakasema kondoo. Tulichinja vyote viwili, tukala, na Jumapili iliyofuata ya mbio ukauliza, kupitia kwa jirani, kama watazamaji hulipishwa.

Hivyo ndivyo ulivyoanza kuja. Ulikuwa na kofia yako ya kanisa, mwavuli, chupa ya chai na viazi vitamu kwenye bakuli. Hukukaa kwenye hema letu, hilo lingekuwa kupita kiasi. Ulikaa ng'ambo ya kiwanja, kwenye ile kona mbaya ambako magari hulala upande, na vumbi lote la Kajiado likakuangukia. Hukujua gia wala breki. Hukujua hata nani anaongoza. Ulijua gari langu ni la bluu, na kila likipita ulipiga vigelegele, hata nikiwa wa mwisho. Na mwanzoni nilikuwa wa mwisho sana, Mama! Mara redieta inapasuka, mara gia zinanikatalia. Mara mbuzi wanaingia njiani na mbio zote zinasimama mpaka watoke. Kule karibu na Mashuuru nilizama kwenye mchanga wa mto mkavu nikavutwa na ng'ombe wa watu, na picha zikazunguka kwa simu za wateja wangu wote. Wewe ukapiga simu jioni. Hukuuliza habari ya mbio. Uliuliza, "Paker, umekula?"

Siku niliyomaliza wa mwisho lakini nikamaliza, uliniambia anayemaliza mwisho yuko mbele ya wote waliobaki nyumbani. Nimeishi na hilo neno.

Na siku ya kombe. Mvua za vuli zilikuwa zimenyesha, njia ikawa ugali, wenye magari ya nguvu wakateleza nje mmoja mmoja. Mimi na kagari kangu tukapita katikati yao, tukawa wa pili. Nilikuja kwako mbio na lile kombe, halafu nikakumbuka siwezi kukupa mkononi. Nikaliweka kwenye nyasi, nikarudi nyuma. Ukainuka, ukaliokota, ukalifuta matope kwa leso. Ulilibeba mpaka nyumbani kama mtu anayebeba mtoto wa wenyewe.

Minayo hakuja siku hiyo. Hakuwahi kuja. Alisema hawezi kulipa kiingilio ili aone mumewe akifa. Wewe na mimi tulikuwa tukirudi na furaha yetu, tunaifuta miguu mlangoni.

Kisha ukaanguka jikoni ukipepeta mchele. Ilikuwa siku ya kazi, siku kama zingine. Presha, walisema. Hatukupata hata muda wa kuogopa. Nilikuwa nimeagiza tairi mpya, na nilipofika hospitali bado nilikuwa nafikiri nitakuambia habari za zile tairi.

Tulikusindikiza mpaka Vihiga. Nilikaa na wakwe wengine kwenye hema la mwisho, karibu na migomba. Watu walipanga mstari kukuaga. Mimi sikupanga. Mila ni mila, na mkwe hamtazami mama mkwe akiwa amelala. Walikuimbia vizuri, kwaya yote ilitoka Kitengela. Niliona vidole vya miguu ya watu, niliona udongo mwekundu, niliona kila kitu isipokuwa wewe. Nadhani ndiyo sababu miguu yangu bado haijaamini. Bado inakutafuta.

Kila mtu aliniambia nipumzike. Nikajiandikisha kwa mbio za kwanza zilizotokea. Na Mama, siku hiyo niliendesha kuliko nilivyowahi kuendesha. Sikuogopa kitu. Nilikuwa naongoza magari yote ya daraja letu, ninawasikia nyuma yangu na siwaoni kwa vumbi langu mwenyewe. Halafu nikaingia kona yako, na shingo ikageuka yenyewe. Palikuwa na nyasi tu, na vijana walikuwa wameegesha pikipiki.

Nilichelewa kukanyaga breki. Gari likapanda tuta la udongo, mbingu ikaja chini, ikarudi juu, ikaja chini tena. Kisha kimya. Nilining'inia kwenye mikanda nikisikia petroli ikidondoka, na nikasikia watu wakija mbio, na nilichowaza ni kwamba hakuna atakayeniuliza kama nimekula.

Minayo alinikuta hospitali. Alisimama mlangoni na mkoba wake wa kazini. Nilitegemea alie, ama anitukane. Alinitazama kwanza kichwa, halafu mikono, halafu miguu, kama anayehesabu mifugo jioni. Ndipo akasema kwa sauti ndogo:

"Mama amekufa. Na wewe unataka kumfuata. Mimi mnaniachia nani?"

Akatoka. Alipotoka nililia, Mama, na mbavu hizi zilinifundisha kulia polepole.

Siku nyingi hakunisemesha ila mambo ya mtoto na chumvi. Nikaona basi, yaishe. Nilimpata kijana mmoja wa Kware, kule Rongai, anayenunua magari yaliyoanguka na kuyauza vipande vipande. Alikuja Jumamosi na lori lake la kuvuta. Gari lilikuwa nyuma ya nyumba, paa limebonyea kama sufuria iliyokaliwa. Alikuwa ameshafunga mnyororo wakati Minayo alipotoka na mikono yenye povu la sabuni.

Nilidhani amekuja kuhakikisha linaenda. Akauliza, "Mama alikaa upande gani?"

Nikamwonyesha. Akauvuta ule mlango uliojikunja, akaingia, akakaa ameinamisha kichwa kwa sababu paa lilikuwa chini. "Alikuwa anasema nini?"

Hakuwa amewahi kunisikiliza nikisimulia ile siku, unajua. Siku yenyewe alikuwa akizaa, na baadaye kila nikianza kuieleza alinikatiza, gari lile hakutaka hata kulisikia. Nikamweleza. Muuza mboga, leso, malori ya kokoto. Nilipofika kwa gari la matanga alicheka mpaka akashika uso, na katikati yake kicheko kikageuka kilio. Yule kijana wa Kware akaanza kuangalia simu yake.

"Huyo simjui," Minayo akasema. "Mama niliyemjua mimi ni wa chaki na fimbo. Nikipata tisini anauliza kumi zilienda wapi. Alinikumbatia siku ya harusi, basi. Na huyu wa kucheka na kupiga vigelegele akapewa wewe, mtu wa kando."

Labda wewe unajua kwa nini. Mimi nilidhani katika nyumba hii ni mimi niliyekupoteza zaidi, kwa sababu nilikuwa na mengi ya kukumbuka. Kumbe kuna mtu analilia ambayo hakuyapata, na yuko kitanda kimoja na mimi.

Kijana wa Kware alifungua mnyororo wake, akaondoka na tairi kuukuu tu, akinung'unika.

Wiki iliyofuata tulimwacha Naserian kwa jirani tukaenda kule kiwanjani na pikapu ya duka. Ilikuwa siku ya kazi, hakukuwa na mtu, upepo tu na punda. Nikamwonyesha mahali pako. Alisimama pale muda mrefu, viatu vya ofisini kwenye vumbi. Mimi nilikuwa nazungukazunguka kama kawaida yangu. Kisha akanyoosha mkono bila kunitazama.

"Nipe funguo."

Mama, binti yako anaendesha vibaya. Mzunguko wa kwanza alienda kama anayetafuta mahali pa kuegesha. Wa pili akasogeza. Wa tatu akaingia kona akiwa na haraka, akatoka akiwa ametazama tulikotoka, magunia ya chumvi yakaruka nyuma, nikashika mbavu nikipiga kelele, naye pia anapiga kelele, lakini yake haikuwa ya woga. Akazunguka tena. Na tena. Mpaka mlinzi wa ranchi akaja na rungu kutuuliza kama tuko na shida. Minayo akashusha kioo, nywele zote zimekuwa za rangi ya udongo, akamwambia hapana, tunamsalimia mama.

Sasa gari liko kwa fundi, paa limekatwa, jipya linachomelewa. Mimi daktari amenikataza mbio kwa msimu huu. Minayo anasema kuna mbio za wanawake kabla ya mwaka kuisha na atajaribu mara moja tu, aone. Mara moja tu! Nilisema hivyo hivyo zamani. Kwa hivyo nitakuwa pembeni, na tangu nijue hilo usingizi umenipungukia zaidi. Nina maswali ambayo sikuwahi kukuuliza. Ulikuwa unafanya nini na mikono? Gari likipotea ndani ya vumbi na halijatokea upande wa pili, ulikuwa unatazama, ama unafumba macho? Ungeniambia.

Sitakudanganya kwamba nimetulia. Lakini naahidi jambo moja, na naliahidi kwa Minayo zaidi kuliko kwako: sitabaki nawe peke yangu. Kila siku nitamtolea kidogo, kile ulichosema, ulivyocheka, ulivyokula viazi vyako na vumbi juu yake, mpaka naye awe na mama huyo. Na Naserian akikua aulize bibi alikuwa mtu wa namna gani, tutashindana mimi na mama yake nani ataanza kusimulia.

Kuna mengine, lakini Minayo ameshafika na pikapu hapo nje ya duka na amepiga honi. Leo anataka kujaribu kugeuza kwa breki ya mkono, Mungu atusaidie. Lala salama, Mama. Ashe oleng kwa yote. Anapiga honi tena, na ameanza kuniita kwa jina mbele ya wateja. Wacha niende. Binti yako hana subira hata kidogo.

Mimi mkwe wako,
Paker