Bampa za Babu Sing'oi, Hata Kama ni Baba Mkwe

Shangazi, shikamoo, naomba msaada wako ila usinisomee risala kama walimu wangu, maana shule niliiacha wao wakiwa bado wanaongea, sasa hivi nina miaka kumi na tisa, ni fundi gereji hapa kwetu Bavaria, na nikisema hakuna fundi kijana wa kunifikia mkoa huu si majigambo, ni taarifa.

Nina BMW aina ya 2002, ya mwaka 1974, rangi ya machungwa, kaniachia marehemu babu. Babu alikwenda Marekani kufunga mitambo ya bia, akalinunua hukohuko, akarudi nalo kwa meli, yaani gari lilizaliwa hapa kwetu, likapelekwa ng'ambo, likarudi nyumbani na tabia za ugenini: bampa ndefu zinazofika kabla ya gari lenyewe, vitaa vya ubavuni mbele na nyuma, spidomita inasoma maili, na ukimpakia mtu kiti cha mbele hajafunga mkanda basi haliwaki, linanuna. Bibi yangu, Bibi Afra, hupanda, hupiga dashibodi kofi na kusema, "Haya twende, Mmarekani."

Shida ni Mzee Haslinger, mwenyekiti wa chama chetu cha magari ya zamani, ambaye pia ni baba wa mchumba wangu Zenzi (mrembo kuliko wote, na kanichagua mimi, watu wana macho). Kila masika magari hupangwa kwenye uwanja wa kanisa, padri ayanyunyizie maji ya baraka kabla ya msafara wa kwanza wa mwaka, na Mzee ndiye mpanga mstari: yaliyotengenezwa kwa ajili ya Ulaya mbele, yaliyotengenezwa kwa ajili ya Marekani nyuma kabisa, baada ya matrekta, ambako padri akifika ndoo imeshakauka.

Juzi mezani kwenye bia, mbele ya wanachama wote, akanianza.

"Kijana, hilo gari lako limevaa meno ya bandia."

"Afadhali lenyewe lina meno, Mzee. Wewe supu tu."

Watu wakacheka, yeye akaiva kama nyanya. "Sikiliza! Hizo bampa na hivyo vitaa vya mti wa Krismasi viwe vimetoka kabla ya siku ya baraka, ufunge vya Ulaya kama mtu mwenye heshima zake. La sivyo nalifuta jina lako chamani, na kwangu usije kunywa kahawa."

"Futa, Mzee. Wino nikununulie?"

Basi wiki hiyohiyo akaleta gari lake gerejini kwetu, naye ana 2002, anaapa ni ya Ulaya halisi tangu kiwandani, eti buti linaingiza maji. Nikafunua zulia la buti. Shangazi, nikakuta viraka vya bati vimechomelewa kwa ndani, kushoto na kulia, palepale ambapo langu lina vitaa vya ubavuni! Nilicheka mpaka nikagonga kichwa. Gari la mwenyekiti ni Mmarekani aliyenyofolewa bampa, akazibwa matundu, akapakwa rangi!

Nikamwambia Zenzi nikidhani tutacheka wote. Hakucheka.

"Najua," akasema. "Tangu nikiwa mdogo. Aliwaapia wenzake ni la Ulaya, sasa hana pa kurudi. Quirin, ukimuumbua mbele ya kanisa, mimi na wewe basi."

"Na yeye akinifukuza mimi?"

"Si ubadilishe tu bampa? Vyuma hivyo."

Vyuma! Bampa za babu yangu! Shangazi, hizo sing'oi ng'o, usijisumbue kunishauri. Nataka kujua jambo moja tu: siku ya baraka nikilifungua buti la Mzee mbele ya padri, ili mwenyekiti ajue mimi si mtu wa kuwekwa nyuma ya matrekta, nitakuwa nimekosea?

Quirin, fundi

Quirin,

Ndiyo. Tena vibaya.

Kwanza huo mdomo. Unauliza kama utoe siri ya mtu, na unauliza gazetini! Nimebadilisha majina yenu wote na rangi za magari, lakini leo najua wazee kadhaa wataacha kahawa mezani waende kukagua mazulia ya buti zao. Ulichokiona, ulikiona kwa sababu mteja alikuachia ufunguo. Fundi anayetoka gerejini na aibu ya mteja mfukoni, kesho ataletewa baiskeli tu.

Sasa nikupe haki yako, maana unayo. Gari lako halina kosa. Lilitengenezwa hivyo, babu yako akalipenda hivyo, na Mzee kila akiviona vitaa vyako anakumbuka matundu aliyoyaziba. Hakuchukii, mwanangu, anakuogopa. Na Zenzi kakosea kuziita bampa zako vyuma, ila hakosei kumlinda baba yake asivuliwe nguo hadharani. Mambo hayo mawili usiyachanganye.

Fanya hivi. Ziba hilo buti lisivuje, umpelekee gari mwenyewe. Mkiwa wawili tu, mwambie: "Mzee, viraka nimeviona. Simwambii mtu. Na bampa zangu sing'oi." Usiongeze neno. Ukimdai nafasi ya mbele ili unyamaze, huo si ujasiri tena, ni unyang'anyi, na mimi nitahamia upande wake.

Akikufuta chamani, futika. Chama ni chake, kanisa si lake. Padri hamuulizi mtu bampa zake zilitoka wapi. Wa kwetu nimemwona akibariki mkokoteni wa samadi. Siku hiyo mpakie bibi yako, wahi mapema, simama nje ya mstari, karibu na mlango wa kanisa. Mzee akija kukufukuza, mpe shikamoo yake, zima injini, ukae hapohapo. Watu watashangaa mbona safari hii mwenyekiti amekuwa mpole.

Usiwaambie.