Kikapu cha Uroa na Swali Lako, Mama

Kikwajuni, Unguja
Jumapili mchana

Mama,

Kamwene. Najua ukiipata bahasha hii utaigeuza kwanza upande wa pili, uhakikishe mwandiko ni wangu, kisha utaiweka juu ya rafu ya vikombe na kuendelea na kazi zako mpaka hasira ipungue. Isome hata kama haijapungua. Mgongo unaendeleaje? Na kifua, kwa ule moshi wa jikoni? Yule ng'ombe mwekundu ameshazaa? Viazi vya bondeni vimepona safari hii, au mvua imeviozesha tena? Mimi ni mzima wa mwili. Nakula, nalala, na ile homa niliyokuambia iliisha. Moyo ndio haujatulia tangu uliponikatia simu. Kila nikipiga inaita weee mpaka inanyamaza yenyewe, ndiyo maana nimechukua karatasi.

Uliniuliza swali moja jepesi: "Editha, unarudi au hurudi?" Ulitaka kujua kwa sababu dada Oliva anakuita ukaishi naye Mafinga kabla baridi ya Juni haijaingia, na wewe unaogopa kufunga nyumba nisije nikarudi nikakuta kufuli. Na mimi, mtoto uliyemzaa mwenyewe, nikakujibu, "Pole kwa usumbufu, suala lako tunalifanyia kazi."

Kisha ukasema, "Sawa, kampuni," ukakata.

Mama, sikukusudia. Niache nikueleze maneno yale nimeyaokota wapi, maana nyumbani kwetu hayakuwahi kusemwa.

Unajua kuwa nafanya kazi kwenye kampuni ya boti, lakini nadhani unaniona nikikata tiketi pale bandarini huku upepo ukinipiga. Sivyo. Tunakaa ghorofani, kwenye nyumba kuukuu nyuma ya bandari ya Malindi, madirisha yamefungwa ili kelele za nje zisiingie, kila mtu na spika zake masikioni. Kazi yetu ni kupokea simu za watu waliokasirika. Boti imeahirishwa kwa sababu ya upepo, wanapiga. Jina limeandikwa vibaya kwenye tiketi, wanapiga. Begi limeshuka Dar mwenyewe akiwa bado Unguja, hao tena. Mimi sijawahi kuisogeza boti hata kwa kidole, lakini ikichelewa ni mimi niliyeichelewesha. Asubuhi nzima naitwa mwizi, mzembe, na mtoto asiye na malezi. Hilo la malezi nilitaka ulijue, kwa kuwa linakuhusu.

Waliotufundisha Dar walisema simu nzuri ni simu fupi. Mteja akilalamika mwambie pole kwa usumbufu, akiuliza jambo usilolijua mwambie linafanyiwa kazi, na usikubali kosa kwa niaba ya kampuni. Nikayameza yote kama katekisimu. Nilipofika huku nikakuta watu hawa hawagombani kama sisi. Mtu wa Unguja hata awe amefura namna gani, atakuamkia kwanza. Siku yangu ya mwanzo alipiga mzee mmoja. "Asalaam alaykum. Hujambo, mwanangu? Umeamkaje? Kazi zinakwendaje? Wa kwenu hawajambo? Alhamdulillahi. Haya, sasa nambie, nyinyi ni wezi ama mna maradhi gani?"

Mimi nilikuwa nazikata hizo salamu. Mtu akisema hujambo namwambia, "Namba ya tiketi tafadhali." Nilijiona hodari, simu zangu zikawa fupi kuliko za wote. Kumbe kila ninayemkata anapiga tena, anaomba msimamizi, ananishitaki. Msimamizi wetu ni Hafidh, kijana wa mjini, mpole ila hana dogo. Akaniita, akanisikilizisha sauti yangu mwenyewe, akasema, "Editha, wewe unaingia kwa watu bila ya hodi. Mtu hujamuitikia, ushamdai namba ya tiketi! Kwa hasira atakazokuja nazo hapo, hata ukimpa boti nzima hatoridhika."

Basi nikaanza kuitikia. Na hapo, Mama, ndipo upweke uliponipata sawasawa. Kabla ya hapo nilikuwa sina hata nafasi ya kuuona. Siku nzima watu wananiuliza wa kwetu hawajambo, nami najibu hawajambo, hawajambo, huku nikijua hakuna mwingine kisiwani hapa atakayeniuliza hilo nikivua spika. Wenzangu kazi ikiisha wanakwenda kwao, mmoja Uroa, mwingine Tunguu, kila mmoja na wazazi na wapwa wanaomsubiri. Mimi napanda ngazi za chumba changu. Bi mwenye nyumba ni mwema. Ramadhani alikuwa akiniletea sahani ya futari mlangoni, lakini ana watu wake wamejaa ndani, na mimi kila nikirudisha sahani nakosa la kusema. Nalikumbuka hata jua letu dogo la asubuhi. Huku joto halikatiki, hakuna baridi ya kumfanya mtu amsogelee mwenzake. Maneno ninayoyasema sana ni ya pole, na ninawaambia watu nisiowaona sura. Mwisho nikawa nayasema kwa muuza nazi, na kwa padri. Nikakuambia na wewe.

Sasa nikuhadithie kuhusu Bi Mwanaidi wa Uroa, kwani bila yeye barua hii isingeandikwa.

Binti yake amejifungua Dar, mtoto wa kwanza. Huku mzazi hukaa ndani siku arubaini, kisha hutolewa kwa shangwe, akogeshwe, apakwe, avae kanga mpya alizotumiwa na mama yake. Bi Mwanaidi akafunga kikapu cha ukili: doti za kanga, manjano, udi, na mafuta ya nazi aliyoyapika kwa mkono wake. Akakipakia kwenye boti yetu kama kifurushi. Dar hakikuonekana.

Alikuwa akipiga kila siku, na sijui kwa bahati gani mara nyingi alikuwa ananiangukia mimi. Salamu zake ndefu kuliko za wote. Anauliza usingizi wangu, chakula changu, halafu, "Mamako hajambo?" Nikisema hajambo, ndipo anapoanza kunichana. "Kikapu changu kipo au hakipo?" Namwambia tunafuatilia. "Jana mlifuatilia, juzi mlifuatilia. Hicho kikapu kina miguu?"

Nilitoka kazini nikaenda mwenyewe kwenye banda la mizigo nikauliza. Wapakizi wakaniambia ukweli huku wakicheka: kule Dar kimebaki kikapu kingine cha ukili kilichofanana na hicho kama pacha, hakina mwenyewe, kimejaa pweza mkavu. Yaani kuna mtu Dar alikwenda kuchukua pweza wake akabeba cha Bi Mwanaidi, na jina la kwenye karatasi ya pweza limeloa halisomeki. Huyo mtu alifungua kikapu akitaka mboga akakuta manjano ya mzazi, na mpaka leo hajarudi kusema. Hakipatikani tena. Sote ofisini tukalijua hilo, na sote tukaendelea kumwambia Bi Mwanaidi tunafuatilia, kwa sababu ukishasema hakipo, kampuni imekubali kosa.

Asubuhi baada ya wewe kunikatia, simu ya kwanza ilikuwa yake. Asalaam alaykum, nikaitikia. Umeamkaje, nikaitikia. "Mamako hajambo?"

Sikuweza, Mama. Neno lile nililolisema mara nyingi kuliko jina langu lilikataa kutoka.

"We mwana, upo?"

"Naam, Bi. Nipo."

"Nimekuuliza mamako."

"Sijui, Bi. Hapokei simu yangu."

"Umemfanya nini?"

"Aliniuliza jambo, sikumjibu."

Akacheka, Mama, tena cheko la kweli. "Kumbe hata mamako humjibu! Mimi nikidhani ni mimi tu." Kisha sauti ikamshuka. "Sikiliza, mwanangu. Miye sitaki pole yenu, wala sitaki fidia. Mwanangu anakaribia kutoka arubaini. Mkisema mnafuatilia, mimi nnakaa nnangoja. Kanga nyengine sinunui, mafuta mengine sipiki, kwani nnajiambia, pengine leo kitaonekana. Mmenifunga miguu. Nambie tu: kipo au hakipo?"

Nikatazama karatasi iliyobandikwa mbele yangu yenye maneno tunayopaswa kusema. Nikasema, "Hakipo, Bi. Kimechukuliwa na mtu mwingine Dar kwa makosa yetu, na hakitarudi."

Nilijikaza nikisubiri matusi. Bi Mwanaidi akashusha pumzi. "Alhamdulillahi. Basi leo nnakwenda dukani." Akaniambia ahsante, leo ndiyo nimemsaidia. Kabla hajakata akasema, "Na mamako mjibu."

"Hapokei, Bi."

"Basi mwandikie. Barua haikatwi."

Hafidh aliisikia simu hiyo kabla ya saa ya chai, kwa kuwa simu zetu zote zinarekodiwa. Akaniuliza kama najua nilichokifanya. Nikamwambia najua. Nikapewa onyo la maandishi, nikatia saini. Hafidh hakunigombeza sana. Alisema ningemwambia yeye kwanza, kisha bila kunitazama akapiga simu Dar kuagiza kile kikapu cha pweza kitolewe ghalani, kimeshaanza kuwafukuza watu.

Siku chache baadaye, niko kwenye simu na bwana mmoja anayenilaumu kwa upepo wa kusi, nikasikia sauti ninayoijua, lakini safari hii haitoki kwenye spika. "Yuko wapi yule asiyemjibu mamake?" Wenzangu wote wakanigeukia. Mlangoni amesimama mwanamke mfupi, mwembamba, buibui limekaa upande kwa kupanda ngazi, kikapu kipya cha ukili mkononi. Mimi siku zote zile nilikuwa namwona mkubwa, jitu la mwanamke! Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akanishika mikono yote miwili akaniangalia usoni kwa utulivu.

"Mamako kashasema kitu?"

"Bado, Bi."

"Ushamwandikia?"

"Bado."

"Haya. Mimi mwenzio nshafunga kingine." Akaniachia mikono, akashuka kukipakia. Kilifika. Mwanawe ametoka arubaini na kanga zake.

Alipokwisha kuondoka nilikwenda chooni nikalia, nakuambia wewe tu. Tangu nifike kisiwani hapa, hakuna mtu aliyewahi kupanda ngazi yoyote kwa kunitafuta mimi. Nililia pia kwa sababu nilijua sasa sina pa kujificha, jibu lako ninalo, na nilikuwa nalo hata siku ile uliponiuliza.

Mama, sirudi.

Nitakuja Krismasi nikipata ruhusa, nitakaa jikoni kwako nile viazi na kukupigia domo mpaka uchoke. Lakini kurudi kuishi, sirudi. Sikudanganyi kwamba huku ni kutamu. Umeshasoma mwenyewe, nina upweke ambao sikujua mtu anaweza kuwa nao katikati ya watu wengi namna hii. Ila baada ya shule nilikaa huko nyumbani nikitazama barabara ya mlimani, nikisubiri kitu kije, na upweke ule pia naukumbuka. Wewe uliuona, ndiyo maana uliuza mahindi ukanipa nauli. Huku angalau nikiamka kuna mtu ananihitaji, hata kama ni kwa kunitukana. Nimeliona hili vizuri, na nimelichagua. Ukitaka kukasirika, kasirika kwa hili, usikasirike tena kwa ile pole ya kampuni.

Kwa hiyo nenda Mafinga. Usingoje Juni, kifua chako hakitaki baridi nyingine ya peke yako. Ng'ombe mwachie baba mdogo, anamjua. Kitanda changu mpe binti wa dada Oliva, alikitaka siku nyingi. Nilikufunga miguu, Mama, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Nisalimie dada Oliva, mwambie sasa ni zamu yake kusikia ukilalamikia chumvi. Msalimie shemeji, na baba mdogo, na mama mkubwa wa ng'ambo ya mto, mwambie kanga ya huku namnunulia ile yenye rangi ya zambarau aliyoitaja. Msalimie katekista, na majirani wa pale kisimani wote wanaoniulizia.

Jumapili ijayo nitakupigia. Ukipokea, nitasema kamwene, nitakuuliza mgongo, nitakuuliza kifua, nitakuuliza ng'ombe, na nitasubiri uniitikie moja moja. Ukitaka kunigombeza baada ya hapo, nitasikiliza mpaka mwisho.

Na ule ufunguo, Mama, unaouweka chini ya kinu kila unapokwenda shamba, nisije nikafika nikakosa pa kuingilia. Utoe. Nenda nao.

Mwanao,
Editha, siyo kampuni