Kambale Yule wa Phonie

Jumatatu, 3 Agosti 1998
Nimeshona sare mbili za shule. Upande wa pili wa barza, shemeji anatengeneza redio. Yeye ni Kambale, marehemu mume wangu alikuwa Kambale. Kwetu mtoto wa pili wa kiume huitwa hivyo, na kila mmoja alikuwa wa pili kwa mama yake. Mteja akiita, walikuwa wanainuka wote wawili. Nilikuwa nacheka. Sasa anainuka mmoja.
Redio inasema wanajeshi wameasi Goma.

Jumatano, 5 Agosti
Baridi. Shemeji ametengeneza phonie, redio ya kuzungumza na watu wa mbali, ya mfanyabiashara mmoja na kuirudisha. Sokoni wanasema wanajeshi wanamtafuta fundi wa phonie, eti anawasaidia waasi. Nimemwambia akimbilie kwao Masereka.
“Mais shemeji, nikikimbia si nimekubali?”
Naogopa. Mume wangu alikuwa anaweka chai juu ya transfoma ya redio isipoe. Sijui kwa nini nimelikumbuka hilo leo.

Ijumaa, 7 Agosti
Wamewakamata Kambale seremala, Kambale wa mikate na Kambale muuguzi. Wanajeshi walipewa jina tu. Ni wageni, hawajui.
“Kama banataka ba Kambale bote, balete malori!” Jirani amesema. Watu wamecheka. Mimi hapana.

Jumamosi, 8 Agosti
Wamekuja asubuhi, shemeji yuko palepale mezani.
“Kambale azali wapi?”
“Kambale gani, chef? Huku kila nyumba iko na Kambale.”
“Ule wa phonie.”
“Ule alishakufa. Tuende nikuonyeshe kaburi.” Kisha nimemwambia shemeji, bila kufikiri: “Paluku, chunga duka.”
Paluku ni jina la mtoto wa kwanza. Shemeji ameitika.
Mkubwa wao amesoma msalaba: Kambale, fundi wa redio. Amelitemea kaburi mate. Ameniuliza kama mume wangu alifanya kazi na waasi. Nimetikisa kichwa kukubali.
Jioni wamewaachilia wale watatu.

Jumapili, 9 Agosti
Shemeji ameondoka alfajiri na wauza viazi. Sikuweza kuimba kanisani.

Jumanne, 18 Agosti
Shemeji amefika kwao salama, muuza viazi mmoja amenihakikishia. Wanajeshi wale wameondoka, wengine wanasubiriwa.
Sokoni sasa wanasema mume wangu alikuwa muasi. Mtu ambaye hakuwahi kumpandishia sauti hata mbuzi. Sijakanusha. Nikikanusha, watauliza basi ni Kambale yupi.
Nimekwenda kaburini na ndoo ya maji. Nimeosha msalaba. Nimemweleza mume wangu yote kwa Kinande chetu, polepole. Mvua imeanza, nimekaa.