Vijiti Visivyomfuata Mtu

Xiaobei,
Guangzhou, China.
4 Desemba 2025

Mpendwa Shangazi Odilia,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa vizuri, goti halikusumbui, na mvua za Kamachumu zimekuachia angalau asubuhi mbili za kuanika. Je, senene wameshuka mwaka huu? Mimi ni mzima. Baridi ndiyo kwanza inaingia, ya sweta moja tu, na kile kikohozi cha mwezi wa tisa kimekwisha.

Kazi inaendelea hapa katika ofisi ya kago ya Abednego, jengo la Tianxiu. Napima mizigo, nafunga, naandika majina ya wenyewe. Uliuliza kwa nini siji Krismasi wakati nilikuahidi. Abednego alinipa ruhusa, kwa hiyo usimlaumu. Nimekataa mwenyewe, na nakuomba unisikilize hadi mwisho kabla hujanikasirikia.

Mwaka huu wote nimeuishi ndani ya muziki wa Kilatini. Najua unacheka, wewe uliyeimba bolero za Kihispania bila kuelewa hata neno moja.

Ilianza Januari. Macharia, Mkenya anayesafirisha spea kupitia kwetu, alinisikia nikigonga meza kwa kalamu huku nikisubiri mizani. Jumapili mchana akanipeleka Sanyuanli, kwenye chumba kilicho juu ya ghala la viatu, ambako yeye hupuliza tarumbeta katika bendi ya salsa. Kiongozi na mwimbaji ni Mzee Evelio, Mkolombia mnunuzi wa viatu, wa miaka sabini na moja. Mpiga vijiti wao alikuwa amerudi kwao, basi wakanipa mimi. Wao huviita klave: vipigo vitatu, kisha viwili, tangu wimbo unaanza hadi unakwisha. Ni vilevile ulivyonifundisha kwa mpini wa kisu tukimenya ndizi, na nilijiona nimefika nyumbani.

Basi nikaharibu. Mzee Evelio akichangamka huimba mbio, na alipokimbia nilikimbia naye, kama ulivyonizoeza kwenye kwaya: mkubwa akikosea, ngoma imfuate, imsitiri. Kwetu hiyo ni adabu. Huku bendi nzima ilisambaratika, piano huku, besi kule, na wachezaji hawakujua miguu waiweke wapi.

Aprili mzee akaniweka kando. Alichukua simu yenye mapigo hayo yaliyorekodiwa, akaiweka juu ya spika, ikawa ndiyo inayopiga vijiti mahali pangu. Simu, shangazi. Akaniambia kwa Kiingereza chake cha sokoni, na Macharia akanifafanulia: "Nikipotea ukanifuata, tumepotea wawili. Wewe baki nyumbani, nitaona taa nirudi." Tena akasema nisipobadilika, kwenye onyesho la Novemba simu ndiyo itakayopiga vijiti. Nilinuna wiki nzima, ingawa ukweli ni kwamba nilikuwa na aibu kuliko hasira.

Nikaapa sishindwi na simu. Kila asubuhi nilipokwenda soko la Liuhua kukagua nguo za wateja, nilipiga vile vipigo pajani, mikokoteni ikinipita na kila mtu ana mwendo wake, nami nikikataa kuufuata. Ofisini nilipiga juu ya maboksi hadi Abednego akachoka. "Flavia, laoban wangu, bosi wangu wee, hapa ni kago, si kigango. Mteja akija kuulizia mzigo, utamjibu kwa vijiti?" Nikamjibu meiyou, mzigo bado, nikaendelea kugonga. Macharia naye alipuliza tarumbeta nje ya mapigo makusudi, anivute. "Nitakuchanganya mpaka ulie, lakini usinifuate, msee." Nililia siku moja. Baada ya hapo sikumfuata tena.

Agosti nilimsimulia mama habari hizi kwa simu. Akanieleza jambo ambalo wewe hukuwahi kuniambia. Kumbe uliacha ile bendi ya ujana wako kwa sababu ya bugi moja, dansi la mchana. Mzee Thomas aliyekuwa akiimba alipotea, wewe ukashikilia vijiti vyako palepale, watu wakamcheka, na marehemu baba, kaka yako mwenyewe, akapanda jukwaani akakunyang'anya vijiti. Wakasema hukuwa na adabu. Tangu siku hiyo hukupiga tena mbele za watu, na mimi ukanilea nifuate wakubwa.

Septemba Mzee Evelio alinirudishia vijiti, ila simu akaiacha juu ya spika, tayari. Jumapili iliyopita ndiyo lilikuwa onyesho, mchana, katika ukumbi wa hoteli. Wimbo wa pili mzee akachomoka mbio. Mikono yangu ilitaka kumfuata, shangazi, nakuapia, ilitaka kabisa. Nikakukumbuka wewe jukwaani. Nikabaki. Aliimba peke yake ubeti mzima, watu wakaanza kutazamana, jasho likanitiririka mpaka kwenye viatu. Kisha akavisikia vijiti. Akafunga mdomo, akangoja, akaingia mahali pake, na ukumbi wote ukainuka kucheza. Tulipomaliza alizima simu, akaitia mfukoni, akasema kwa Kiswahili alichookota kwenye kago zetu: "Dada, sasa mimi fuata wewe."

Bendi inapiga siku ya Krismasi. Nikiondoka, simu itarudi kwenye spika, na hilo silikubali. Utaniambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi la mkuu nimelisikia, ila nimeshika lile ulilotenda, si lile ulilosema.

Barua hii anakuletea Sesilia, anayekuja likizo. Amebeba pia kitenge chako, dawa ya kuchua goti, na karatasi iliyofungwa kwa selotepu. Ndani yake mna vijiti viwili. Tarehe 27 ni harusi ya Agape, na nimeshamwandikia mjukuu wako huyo kwamba muziki wake utakuwa na mpiga vijiti. Usiende kujificha jikoni na wapishi.

Nisalimie mama, mwambie fedha za dawa nimetuma. Msalimie Goodness, mdogo wangu, asome, na Jovitus wa jirani, mwambie simu yake nimeiona dukani lakini rangi ya bluu hakuna. Sesilia akirudi, mpe senene, wa kukaanga.

Mungu akulinde, akupe miaka ya kucheza na watoto wa Agape. Na kwa niaba ya baba, naomba radhi. Siku ile hukumwaibisha Mzee Thomas. Ulibaki mahali ambapo angekukuta, na wakakunyang'anya vijiti kabla hajarudi.

Ni mimi mwanao, nikupendaye daima,
Flavia