Mlango Uliong'olewa kwa Utani

Gongoni, Tabora

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mgongo wa Baba unaendeleaje, na nyuki wameshaingia kwenye mizinga mipya? Mimi ni mzima wa mwili. Naandika kwa sababu kwenye simu ningelia, na Shangazi angenisikia.

Hatuna chumba tena.

Unamkumbuka Mzee Chande, mwenye nyumba wetu, yule Mzaramo anayemwita Shangazi mtani. Tangu masika alikuwa akipita uani na kusema, "Mnyamwezi, mwezi wa saba naung'oa mlango huu, namleta mpangaji anayeoga." Shangazi humjibu, "Ung'oe, ukachongee jeneza lako!" Wapangaji wote hucheka mpaka washike mbavu. Hata mimi.

Jumatatu nilitoka shule nikakuta fundi anafungua bawaba. Vyombo vyetu vilikuwa uani, kuku wanadonoa unga.

Nilichukua kitabu cha sheria nilichoazima maktaba ya shule. Kinasema mpangaji hatolewi mpaka baraza liamue. Unajua nisivyoweza kusema mbele za watu, lakini kwa mwenyekiti wa mtaa, Mzee Chande na wapangaji wakiwepo, nilisoma kwa sauti. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa upole, "Mwanangu, sheria hiyo ilifutwa kabla hujazaliwa. Siku hizi tunaangalia mlivyopatana, na kama notisi ilitolewa."

Mapatano yetu yalikuwa ya mdomo tu.

"Notisi niliitoa," Mzee Chande akasema. "Mbele ya nyumba nzima. Waulizeni."

Wapangaji wakaulizwa. Walitazama chini, wakasema kweli: alisema, tena mara nyingi.

"Ule ulikuwa utani!" Shangazi akapaza sauti.

"Kucheka mlicheka ninyi. Mimi uliniona nacheka?"

Sasa tunalala stoo ya kanisa, katikati ya mabenchi mabovu. Katekista akiitaka kabla ya mtihani wa kidato cha nne, itabidi nirudi huko nyumbani Sikonge bila kuufanya.

Jana sokoni Mzee Chande alituita kwa mbali, "Mtani! Mbao za jeneza langu nimeshazipata, ahsante!" Watu wakacheka. Mama, nami nilicheka. Kicheko kilinitoka chenyewe, kwa mazoea. Shangazi aliuachia mkono wangu, akatangulia.

Msalimie Babu mrina asali, na kaka yangu anayekausha tumbaku. Mwambie Baba asibebe magogo.

Shangazi hakunipa salamu za kuwaletea. Tangu jana hasemi nami.

Mwanao,
Veronika